Resori za Supapi na Mizani ya Shemeji

Mutu akiniambia tena kwamba resori ni resori, kwamba springi zote ni moja, nitamurushia moja kwenye paji la uso, kisha nimuulize kama ile ni sawa na ya kitanda chake. Nimekasirika, na sitaki kungoja hasira ipoe ndipo niandike. Ikipoa nitaanza kuwa na heshima, na heshima ndiyo iliyoniletea mambo haya yote.

Mimi ni mutu wa nyumbani. Ninaishi Butembo, katika commune ya Mususa, na kazi yangu ni kuuza unités za simu kwenye dirisha la chumba cha mbele, maana yake hata kazini siendi, kazi inanifuata. Mke wangu ananiita waziri wa salon. Safari yangu ndefu ni Beni, na hata hiyo naifanya kama mutu anayepelekwa hospitali. Kwanza napiga simu kuuliza barabara iko namna gani. Kisha napigia mwingine kuuliza kama wa kwanza alisema ukweli. Kisha, mara nyingi, nabaki.

Sasa mutu kama huyo anatafuta nini na moteri ya kukimbia? Ni swali muzuri. Mke wangu aliliuliza kila asubuhi.

Jibu ni baba yangu. Alikuwa dereva wa malori ya kahawa, lakini gari aliyoipenda ilikuwa moja: ile ndogo ya Kijapani, milango miwili, usukani kuume, chini sana hadi kuku wa jirani walikuwa wakiiangalia kutoka juu. Alitaka moteri yake ilie kama muzinga wa nyuki uliopigwa jiwe. Kwa ajili hiyo alinunua arbre à cames ya mashindano, kwa mutu mumoja aliyetoka Kampala. Ni chuma ndefu yenye matuta. Ikizunguka, kila tuta linasukuma supapi moja ifunguke, moteri ivute pumzi. Matuta ya hii yalikuwa marefu kuliko ya kawaida. Supapi inafunguka zaidi, moteri inavuta zaidi, gari inaruka. Baba akaifunga ndani ya kitambaa chenye mafuta, akaisukuma chini ya kitanda, akingoja siku atakayopata nafasi. Nafasi haikupatikana. Alifia juu ya kitanda kile, chuma ikiwa chini yake, mupya kama siku ya kwanza.

Gari na chuma zikabaki kwangu, nikaamua kumalizia kazi yake. Nilipiga simu huku na kule kutafuta mwenzake wa ile chuma, kama ikivunjika. Wote walijibu kwamba haitengenezwi tena. Kwa hiyo nilikuwa na moja, na baba mumoja, na sitapata tena hata kimoja.

Fundi wangu tulisoma naye secondaire, benchi moja. Mimi nilikuwa nikimuachia akopie français, yeye akiniachia nikopie physique, na wote wawili tulipata diplôme bila mutu kujua namna gani. Garaji yake iko chini ya kilima chetu, hatua chache, ndiyo sababu nilimuchagua. Alipofungua moteri akapima matuta ya baba kwa kidole, akapiga mluzi.

"Sikia, waziri," akasema. "Hii chuma ya mzee ni kali, mais resori zako za zamani haziwezi. Moteri ikishazunguka mbio, resori inachelewa kurudisha supapi ku nafasi yake. Supapi inabakia inje, piston nayo iko inapanda. Banakutana."

"Na bakikutana?"

"Bataambiana bonjour mara moja tu."

"Donc tutie resori ngumu kabisa kabisa."

Akaniangalia kwa huruma. "We njo ule nilikuwa naachia physique? Resori ngumu sana itakula matuta ya mzee sawa vile mutoto anakula muhindi. Inaomba ya katikati. Supapi ikiwa imefungwa, resori ikuwe inasukuma kilo makumi tatu. Ikipunguka, moteri inakufa. Ikizidi sana, arbre à cames inakufa. Chagua maiti yako."

Resori za namna ile hapa Butembo hazikuwako. Nilizunguka maduka ya vipuri hadi viatu vyangu vya nyumbani vikashangaa. Kila mahali niliambiwa resori ni resori. Mumoja alinipa za pikipiki. Mwingine aliniletea ya mulango, akaapa kwa jina la mama yake kwamba itafanya. Mwishowe mutu akaniambia kwamba kule Beni, katika commune ya Ruwenzori, kuna muuzaji anayefungua moteri zilizokufa zinazoingia kutoka upande wa Uganda, ana resori za kila kabila. Nikapiga simu zangu mbili za barabara. Nikaenda.

Muuzaji yule alikuwa na beseni kubwa, ile ya kufulia nguo, imejaa resori hadi juu. Zote nyeusi, zote na mafuta, baba na mama zao hawajulikani.

"Chagua, papa," akasema. "Resori ni resori."

"Nikikosea, nitarudisha?"

"Ukitoka nayo ku mulango, umeoa."

Nilikaa juu ya kopo, nikachagua kama mwanamke anayechagua maharagi. Kwanza urefu: zile fupi kuliko wenzake zimechoka, tupa. Halafu nikasimamisha kila moja juu ya kipande cha kioo. Inayoinama kama mulevi, tupa. Halafu waya: nene na nene, nyembamba mbali. Nikabaki na makundi mawili, mazuri yote, yenye urefu sawa. Moteri yangu inaomba kumi na sita, na kila kundi lilifika. Lakini nguvu ya resori haionekani kwa macho. Ilibaki kupima.

Mizani iliyokuwa karibu ilikuwa ya shemeji.

Huyu shemeji ni kaka mukubwa wa mke wangu, mununuzi wa kakao. Depo yake iko nyuma ya beseni lile, tupa jiwe utapiga manjanja ya paa yake. Kanisani anaketi benchi ya mbele. Barabarani pickup yake inapiga honi hata kama njia ni tupu. Na kwetu, ukishaoa, wewe ndiye mudogo wa ukoo mzima wa mke. Hata mbuzi wao unaiona kama shemeji mukubwa. Kwa hiyo niliingia nimeshika kofia mukononi, resori kwenye mufuko, kitambulisho changu kikiwa kimebaki kwa muuzaji kama dhamana, maana alikubali nipime kabla ya kuoa.

"Waziri wa salon!" akalia shemeji mbele ya foleni nzima ya wauzaji wa kakao. "Nani alikufungulia mulango?"

Watu wakacheka. Nikacheka nao, maana ndiyo kazi ya mukwe.

Mbele ya foleni alikuwa mama mukwe, amefika kutoka Mutwanga na magunia yake juu ya pickup ya watu. Kwetu hatuangaliani usoni, mimi na yeye. Niligeukia ukuta, nikausalimia ukuta, na yeye akaujibu ukuta kwa upole. Kisha gunia lake likapandishwa kwenye mizani, ile ya chini yenye sahani ya chuma na mushale mukubwa, na mushale ukasimama mapema.

"Imepunguka tena?" akauliza mama mukwe.

"Mama, nilikwambia," akasema shemeji, mutoto wake wa kwanza. "Unaanika sana. Jua inakula kakao yako. Kila safari unaniletea maganda."

Sikuona uso wake, lakini niliona mikono. Aliigeuza, akaiangalia viganja, kama vile ndiyo iliyoiba. "Nitaanika kidogo," akasema. "Labda nimezeeka."

Walipomaliza naye, nikapewa mizani. Tuliiweka chini ya muti wa dari. Resori juu ya sahani, ndani yake kipande cha bomba fundi alichokikata kwa urefu ule resori inakaa nao ndani ya moteri, na juu yake kriki ya gari, ile jeki fundi alinibebesha pamoja na bomba, kichwa kikisukuma muti. Tulirudisha mushale ziro kriki ikiwa juu, ili tusipime uzito wake. Halafu nazungusha kriki pole pole. Resori ikishuka hadi bomba iguse, nasoma mushale.

"Na ile kakao ya chuma inaota wapi?" akauliza mama mumoja kwenye foleni.

"Ku kichwa yake," akajibu mwenzake. "Ameianika sana."

Kundi la kwanza lilionyesha makumi mbili na inne. Dhaifu. Kundi la pili lilionyesha makumi tatu, moja baada ya nyingine, makumi tatu, makumi tatu, hadi nikasikia joto machoni. Nikawaza baba. Nikamushukuru shemeji mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nikaoa kundi la pili.

Fundi alifunga moteri. Jumapili moja baada ya ibada tukaiwasha. Ililia. Sijui kueleza, nilisoma pédagogie, si muziki. Mushale wa mizunguko ulipanda, ukapita mahali ambapo zamani ulikuwa ukiogopa, na moteri haikukwama, haikukohoa, ililia kama nyuki wa baba. Mke wangu alitoka na mwiko mukononi akasimama. Hakusema neno la waziri siku ile. Nilizunguka kilima mara kadhaa, mimi ambaye nikienda kuchota maji ninaaga.

Halafu ikaanza kupiga tak, tak, tak. Pole kwanza, kama mutu mwenye adabu kwenye mulango. Halafu bila adabu.

Fundi alipofungua kifuniko hakuita jina langu wala cheo. Alinisogezea taa. Matuta ya baba yalikuwa yamekulwa. Vichwa vyake, vilivyokuwa vikingʼaa, vilikuwa na mistari kama ngozi iliyokwaruzwa, vingine vimekuwa bapa kabisa. Ndani ya mafuta kulikuwa na unga wa chuma unaongʼaa. Ule unga ndio urithi wangu. Niliuchukua kwa kidole na sikujua mahali pa kuupangusa.

"Ulipima?" akauliza fundi.

"Nilipima!"

"Ulipima na nini, na imani?"

Nilimutukana. Akanitukana. Halafu akachukua resori moja ya Beni na moja ya zamani, akazipanga kichwa kwa kichwa ndani ya etau, jiliwa yake ya kubania vyuma, akaanza kukaza. Ile ya zamani ikalala kama ugali. Ya Beni ikabaki imesimama, haijali.

"Ya zamani ilichoka," nikasema.

"Ilichoka, sawa. Mais haikukufa. Hii yako si makumi tatu, mupenzi. Hii ni ngumu sawa kichwa yako."

"Mizani ilisema makumi tatu. Na macho yangu."

Tukaenda kwa bushe wa kartie, muuza nyama wa mutaa wetu, ambaye ana mizani ya chini anayopimia miguu ya ngʼombe. Kriki ileile, bomba ileile. Mushale ukapita makumi tatu, ukaenda, ukasimama kwenye makumi tatu na nane. Tukapima ingine. Makumi tatu na nane. Mke wangu, aliyekuja kutuona tukijiaibisha, akasema kwa sauti, muuza nyama akiwa palepale, "Mais babushe bote ni bezi. Munaaminia balansi ya bushe?"

"Mama, mi nimesimama hapa," akasema muuza nyama.

"Nimekuona."

Hapo ndipo kile nilichokopia kwenye physique kilinirudia, pengine ni kitu kimoja tu kilichobaki. Litri moja ya maji ni kilo moja. Nikaomba bidoni, dumu ya litri makumi mbili, nikaijaza hadi shingoni, nikaiweka juu ya mizani. Mushale ukasema makumi mbili na moja: maji, na kidogo ya bidoni yenyewe. Kwa hiyo siku ile tuligundua kwamba katika kartie yetu kuna muuza nyama asiyeiba. Hata yeye alionekana kushangaa.

Tulirudi nyumbani. Mke wangu alikaa. Alikuwa amekwisha kufika mahali ambapo mimi nilikuwa ningali napanda. Kama mizani ya Butembo ni ya kweli, basi ile ya Beni inakula. Ilikula kilo za resori, mimi nikachukua ngumu nikidhani ni za katikati. Na kama inakula resori, haichagui: inakula gunia, na inakula hata lile la mama mukwe, na mutoto wake mwenyewe anamwambia ni jua.

"Labda imeharibika," akasema.

"Balansi ikiharibika, mbona haiharibikie hata siku moja upande wa mama?"

Mke wangu akasema, "Mama usimwambie. Ni mutoto wake. Na we njo mukwe."

Nilikuwa na hasira ya namna mbili, na nilijaribu kuzitenganisha ili niwe mutu wa haki. Haikuwezekana. Kila nikifikiri mikono ya mama mukwe, naona matuta ya baba. Kila nikifikiri matuta, naona viganja. Nikapiga simu moja tu ya barabara, nikapanda gari ya watu, nikaenda Beni.

Sikwenda kuleta fujo. Nilikwenda kumwambia shemeji kwa siri, kama mukwe, nimushike mukono, nimuombe arekebishe. Aliniongoza nyuma ya magunia. Nilimueleza resori, etau, muuza nyama, maji. Sikusema mwizi. Nilisema "kuna tofauti kidogo".

Alinisikiliza hadi mwisho, akachezea saa yake. Halafu akatabasamu.

"Shemeji, ile chuma ya baba yako, ilikuwa namna gani?"

Nikamuonyesha picha. Akatuma ujumbe kwa simu. Tulikuwa tungali tumesimama pale, harufu ya kakao ikitukaba, jibu likaingia na picha: arbre à cames, juu ya gazeti, mahali fulani Kampala. Nilivuta picha kwa vidole. Matuta yalikuwa yale. Alama ya mwishoni ilikuwa ile. Ilikuwa dada yake, tumbo moja.

"Kuna mutu wangu kule anafungua magari," akasema shemeji. "Bale bote wanakwambia haiko ni sababu hawanijue. Wiki ijayo utakuwa nayo mukononi. Cadeau, zawadi yangu. Mais hii maneno ya balansi, shemeji, tuiache hapa mu magunia. Balansi yote ya kakao iko vile. Nikifanya ingine, nitafunga depo. We utakula wapi Noeli?"

Niliitazama picha ile muda mrefu kuliko inavyofaa mutu muaminifu. Niseme kweli, nilikuwa nimekwisha kuifunga ndani ya moteri. Nilikuwa nimekwisha kupanda kilima. Nilisikia nyuki.

Ndipo, upande wa pili wa magunia, nikasikia sauti ya mupimaji: "Mama, hii nayo imepunguka."

Na sauti ya mama mukwe: "Lakini safari hii nilianika kidogo tu. Niliitoa haijakauka muzuri."

"Basi iliota vibaya."

"Basi nitaikata ile miti," akasema. "Nitapanda muhogo. Kakao imenikataa mikono."

Sijui nilirudisha simu ya shemeji au niliiangusha. Kando ya mulango wa depo kulikuwa na bidoni ya maji ya kunawa, ya manjano, litri makumi mbili, imejaa. Mimi si mutu wa nguvu. Nyumbani bidoni ile naivuta, siibebi. Siku ile niliibeba. Nilitoa gunia la mama mukwe kwenye sahani, nikaweka maji, nikarudi nyuma, nikageukia ukuta kama inavyotakiwa. Sikusema neno hata moja. Niwekewe shahidi: sikusema neno hata moja.

Mushale ulipanda kidogo, ukasimama karibu na kumi na saba. Haukufika.

Katika foleni ile hakuna mutu asiyejua bidoni. Watu wanaibeba kichwani tangu utoto. Mama mumoja akasogea, akasoma, akasoma tena kwa sauti. Mwingine akagonga sahani kwa muguu.

"Balansi iko mugonjwa leo," akasema shemeji. Alikuwa ametoka nyuma ya magunia. "Ni joto. Chuma inapanuka, munajua chuma."

Mama mukwe akakaribia. Kwa mara ya kwanza sikuweza kubaki na ukuta; nilimuangalia. Alikuwa anaangalia bidoni, si mutoto wake. Aliweka kiganja juu ya kifuniko chake, akaiuliza karibu kwa upole:

"Na hii maji, ni nani aliianika?"

Mama mukwe akashika gunia lake upande mumoja, yule mama aliyesoma akashika upande mwingine, wakalitoa inje juani. Wengine wakafuata. Si wote. Wengine walikuwa wametoka mbali, na siku hiyo walikuwa na mugonjwa, au ada ya shule, wakabaki, wakauza kilo zao kwa mizani ileile, bidoni ikiwa pembeni inawaangalia. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo kuliko matuta.

Au hapana, kuna lingine. Familia ilikaa. Ilikaa kwa shemeji, kwenye viti vya shemeji, tukinywa soda ya shemeji. Nilidhani wamemuita yeye. Kumbe ni mimi.

"Mukwe gani anamuvua nguo mukubwa wake mbele ya watu?" akauliza mzee wao, kaka ya marehemu baba mukwe.

"Sikusema neno, tata. Niliweka maji."

"Njo mubaya zaidi. Ungesema, tungekwambia unasema uongo."

Mwenye mizani hakuulizwa kitu. Alieleza kwamba ililetwa hivyo kutoka kiwandani, wakatikisa vichwa, wakamuhurumia kwa kununua kitu kibovu. Mimi nilitozwa mbuzi. Jike, asiye na kilema. Mwizi alibaki na mizani, na mukwe akatafuta mbuzi. Niliinua soda yangu nikanywa, maana ningefungua kinywa kwa kazi ingine wangeongeza wa pili.

Mbuzi alipelekwa kwa mama mukwe, Mutwanga, kama heshima inavyotaka. Mimi, ambaye kwangu Beni ni mwisho wa dunia, nikapanda pikipiki hadi chini ya milima, mke wangu katikati, mbuzi mbele akinilaumu kwa sauti njia nzima. Mama mukwe alitupokea mbele ya nyumba. Kakao ilikuwa imeanikwa juu ya turubai, nyekundu, nzuri. Miti ilikuwa imesimama, hajakata hata mumoja. Nikageukia muti wa karibu, nikausalimia. Mama mukwe akaongea na mke wangu, mimi nikiwa palepale, karibu ya kunigusa.

"Mwambie bwana yako, wasingya kutsibu, asante sana, juu ya mbuzi. Mwambie sitaichinja. Sichinje mbuzi ya mutu hana kosa. Nitaifuga."

"Amesikia, mama."

"Muulize tena. Ile gari yake inaweza kubeba gunia ngapi?"

"Mwambie mama," nikasema, "ile ni gari ya mashindano."

"Anasema tatu," akasema mke wangu.

Sasa ndani ya moteri kuna arbre à cames ya zamani, ile ya kawaida, matuta mafupi kama vilima vya watoto, na juu ya supapi kuna resori zake za zamani, zile zilizolala ndani ya etau. Fundi amesema zinatosha kwa mwendo wa kwenda mazishini. Kiti cha nyuma nimekitoa. Magunia yanashushwa kwa pikipiki hadi barabara kubwa, na mimi nakwenda kuyachukua, mama mukwe na mke wangu wakikaa mbele wamebanana kwenye kiti kimoja, ili asikae karibu nami. Tunayaleta Butembo. Hayauzwi hapohapo; yanapimwa kwanza kwa muuza nyama, ambaye ameanza kuvaa blouse nyeupe siku za kakao, halafu ndipo tunatafuta mununuzi, tukijua tunachobeba. Chuma ya baba nimeirudisha ndani ya kitambaa chake, chini ya kitanda. Picha ya ile ya Kampala sikutumiwa. Sikuomba.

Juzi tulikuwa tunarudi, tumejaa, gari imekaa chini zaidi ya zamani, tumbo likikwaruza mawe. Pickup ya shemeji ikatokea nyuma. Alipiga honi, njia ikiwa tupu, akatupita, akatoa mukono mwenye saa dirishani, akanipungia kama waziri.

Nilifinya accélérateur hadi chini. Nilisahau kila kitu, resori, matuta, magunia. Moteri ikapanda kidogo, ikafika mahali pake pa zamani pa kuogopa, ikaanza kukwama na kukohoa, na pickup ikageuka kona ikapotea. Nilibaki nimefinya tu, meno yamebana, gari ikilia kama yule mbuzi.

"Mwambie bwana yako aachilie," akasema mama mukwe, macho mbele. "Kakao itamwagika."